Vidole Viwili Chini ya Kidevu

Wenzake chuoni walimpachika jina la Pole, na jina likamganda. Si kwamba alikuwa mpole, la. Mdomo alikuwa nao, na ukimchokoza utaujua. Ni kwamba hakuweza kumwona mtu anaumia akanyamaza. Atasema pole, na pole ya kwanza ikishatoka, ya pili inafuata, halafu atapiga magoti, atakushika mkono, atakuuliza umeumiaje, umekula, nyumbani umemwacha nani. Wodini wagonjwa walimpenda kuliko dawa zao. Lakini ipo kazi moja ya uuguzi ambayo pole nyingi zinaua, na kazi hiyo ndiyo iliyomkalisha mbele ya meza ya mkufunzi wake Jumatatu asubuhi, macho sakafuni, kama mtoto aliyevunja chungu.

"Hebu niambie," mkufunzi alisema. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, muuguzi tangu enzi za sindano za kuchemsha, na sauti yake haikupanda hata akikasirika, jambo lililowatisha wanafunzi kuliko kelele. "Uwanjani juzi kulikuwa na majeruhi wangapi?"

"Ishirini, mwalimu."

"Wewe ulimfikia nani?"

"Yule kinyozi."

"Kinyozi alivunjika nini?"

"Kidole, mwalimu."

"Kidole gani?"

"Cha mwisho. Cha mkono wa kushoto."

Mkufunzi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi akakuta hauna chumvi.

Lilikuwa zoezi, bila shaka. Kila mwaka chuo kiliwafundisha wanafunzi wa muhula wa mwisho namna ya kuwapokea majeruhi wengi kwa mpigo: basi limepinduka, jengo limeanguka, moto umezuka. Watu wa mtaani waliombwa waje kujifanya majeruhi. Walipakwa rangi nyekundu, wakavishwa nguo kuukuu zilizochanwachanwa, na kila mmoja akatundikwa kadi shingoni inayoeleza hali yake, maana rangi haiwezi kueleza mapigo ya moyo. Kazi ya mwanafunzi ni kupita upesi, kumpima kila mtu kwa muda usiozidi nusu dakika, kumfunga utepe mkononi na kuendelea. Utepe wa kijani kwa anayeweza kutembea. Wa njano kwa anayeweza kungoja. Mwekundu kwa ambaye asipowahiwa anakufa. Na mweusi kwa asiyepumua.

"Nyuma yako, karibu ukanyage mguu wake, alikuwepo mama anayevuja damu pajani," mkufunzi aliendelea. "Hakupiga kelele kwa sababu kadi yake ilisema ameishiwa nguvu. Alikufa akikusikiliza unambembeleza kinyozi."

"Alikufa kwa kadi tu, mwalimu."

"Leo kwa kadi." Mkufunzi akainuka, akafunga dirisha lililokuwa likigongagonga. "Nimewaambia mara ngapi? Anayelia ana pumzi. Anza na aliyenyamaza. Aliyenyamaza ukimkuta hapumui, mwinue kidevu, umfungulie njia ya hewa. Akipumua, mwekundu. Asipopumua, mweusi, nawe unanyanyuka unakwenda kwa mwingine. Siku ya kawaida tungemzunguka huyo mmoja watu sita, tusimwache mpaka tumemaliza kila njia. Lakini siku ile mikono yako ni miwili na watu ni ishirini. Sikukatazi huruma, binti. Pole moja inatosha. Tena iseme huku unatembea."

Jumamosi ijayo kungekuwa na zoezi la pili. Atakayeshindwa mara mbili hatapelekwa hospitali pamoja na wenzake; atarudia mwaka. Pole alitoka ofisini miguu ikimwuma kama aliyetembea kutwa. Kazi ya idara ya dharura ndiyo aliyoitamani tangu siku ya kwanza aliyovaa sare. Na sababu ya kukwama kwake aliijua vizuri, ila hakumwambia mkufunzi, wala mwenzake yeyote. Sababu hiyo ilikuwa nyumbani, imeketi kwenye cherehani.

Mama yake alikuwa fundi wa nguo, na kibanda chake kilipakana na cha kinyozi yuleyule. Jioni ile Pole alimkuta akimpima mteja shingo. Alizungusha futi, akapenyeza vidole viwili kati ya futi na koo la yule bwana kabla ya kusoma namba, kama alivyomfanyia kila mteja. Mafundi wengine hupima kola ikabana barabara. Yeye alisema kola isiyoacha nafasi ya vidole viwili ni kitanzi, si kola.

Mteja alipoondoka akaingia msichana mmoja mchangamfu, aliyesoma shule moja na Pole, kifuani kakumbatia furushi la kitambaa cheupe. Juu ya nyusi yake ya kulia palikuwa na kovu refu la zamani.

"Fundi, nimerudi tena," alisema huku anacheka. "Harusi inakaribia, na kila ninayemuuliza ananiambia nije kwako."

Mama hakuinua macho. "Nina kazi nyingi, mwanangu. Jaribu kwingine."

"Hata nikisubiri?"

"Nimekwambia jaribu kwingine."

Msichana akaaga, akaondoka na kitambaa chake. Pole alitazama huku na huku kibandani. Pembeni hapakuwa hata na suruali ya kupunguza. Cherehani ilikuwa imefunikwa.

"Mama, kazi nyingi zipi?"

"Zangu," mama alijibu, na Pole, aliyemjua mama yake, akaacha.

Hapo kinyozi akachungulia dirishani, mkasi mkononi. Mtu huyu alikuwa na kifua kikubwa kisichoweza kuhifadhi siri hata ndogo. Chochote ulichomwambia asubuhi, mchana kilikuwa kimeshafika sokoni. "Jirani! Binti yako amekwambia? Juzi chuoni nililia mimi, nililia mpaka nikajihurumia mwenyewe. Na huyu mtoto hakubanduka kwangu. Wengine wote wanakufa huko, yeye yuko na mimi! Nasikia wamemfelisha."

Pole alitamani ardhi ipasuke. Mama aliweka chaki chini.

"Wamekufelisha kwa kutompita mtu?"

"Mama, si hivyo. Kuna utaratibu..."

"Basi wakufelishe na mara ya pili," mama alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Mwanangu hampiti mtu. Hilo nitalisema mbele ya mkufunzi wako na mbele ya mkuu wa chuo, wakitaka."

Hadithi ilikuwa hii. Pole alipokuwa mdogo, bado anajifunza kufunga kamba za viatu, paa la soko liliporomoka siku ya mnada. Baba yake alikuwa ndani. Walioangukiwa walitolewa wakalazwa uwanjani kwa safu, na mama alifika mbio kutoka kwenye cherehani, futi bado limening'inia shingoni. Alimwona mumewe amelazwa, mzima wa viungo vyote, vumbi tu usoni. Akaona nesi kijana anakuja, akashukuru Mungu. Nesi akapiga goti, akamshika mumewe kidevuni mara moja, akainamisha sikio, akangoja kidogo. Kisha akamfunga kitambaa cheusi mkononi, akanyanyuka na kwenda kwa mtu wa pembeni. Mama alimwita. Alimshika sketi. Nesi akajinasua, hakugeuka nyuma.

"Alimshika kidevu kama mtu anayechagua mbuzi mnadani," mama alisema kila aliposimulia, na alisimulia mara nyingi, "akaona hamfai, akampita." Wengine husimuliwa hadithi za sungura. Pole alilelewa na hii. Mama hakulia alipoisimulia, alilaani. Alimlaani nesi yule kwa utulivu, kama mtu anayetimiza wajibu, na mwisho wa laana alimtazama binti yake na kusema: "Wewe, mwanangu, usije ukampita mtu."

Alipoingia chuo, Pole alilichukua agizo lile kama shahada ya kwanza. Kisha ikafika siku mkufunzi aliwakusanya kuzunguka mwanasesere wa plastiki, yule wa kujifunzia asiye na mikono. Akaweka vidole viwili chini ya kidevu cha mwanasesere na kukiinua juu, taratibu. "Mtu aliyezimia ulimi humwangukia nyuma ukaziba koo," alisema. "Wakati mwingine hana ugonjwa mwingine ila huo. Mwinulie kidevu tu, pumzi inarudi. Ni jambo dogo kabisa, na limeokoa watu wasiohesabika." Wenzake waliandika. Pole hakuandika, kwa sababu alikuwa ameuona mkono ule maisha yake yote, na ndiyo kwanza ajue ulikuwa unafanya nini.

Hakumwambia mama. Angeanzia wapi? Mtu anayeegemea fimbo huwezi kumnyang'anya fimbo ukamwambia miguu yako mizima. Basi akakaa nalo, muhula mzima. Akilini alijua nesi yule alifanya sawasawa. Lakini kila alipotaka kunyanyuka na kumwacha majeruhi, hata majeruhi wa rangi na unga, alihisi mkono umemshika sketi.

Jumamosi ilifika na jua lake. Safari hii uwanja wa nyuma ya maabara uligeuzwa kituo cha mabasi baada ya ajali: viti vimepinduliwa, mizigo imetapakaa, mapipa yamelazwa. Majeruhi walikuwa wameshapangwa, na wanafunzi walizuiwa nyuma ya jengo wasichungulie. Kelele zilisikika hata hivyo. Moja Pole aliitambua mara moja.

"Kinyozi wako yupo," rafiki yake alimnong'oneza. "Leo ameongeza sauti."

"Debe tupu hilo," Pole alisema, na wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa. Mfukoni alikuwa na tepe zake, kila rangi mahali pake, na alizigusagusa mpaka zikapata joto.

Filimbi ikalia.

Aliingia mbio. Kinyozi alikuwa wa kwanza njiani, amejilaza kifudifudi juu ya begi, anapiga teke hewani. "Nesi! Nakufa, nesi! Uti wa mgongo!"

"Unaweza kusimama?"

"Eti?"

"Simama."

Kinyozi aliduwaa. Akatazama kadi yake, akaona haisemi lolote kuhusu mgongo, akasimama kwa aibu.

"Wa kijani. Nenda kwenye ule mlingoti wa bendera ukangoje. Pole sana." Na pole ile aliisema akiwa ameshampita. Nyuma yake alisikia kinyozi akilalamika kwamba hivi siyo vile walivyokubaliana.

Akaendelea. Mwanamke mwenye mguu uliovunjika, anajibu maswali, anapumua vizuri: wa njano. Kijana aliyekandamiza jeraha la mkono, damu inakatika: wa njano. Mwingine wa kijani. Miguu ilimtii, akaanza kuhisi ile furaha ya fundi ambaye kitambaa kinamwendea vizuri mkononi. Anza na aliyenyamaza, alijikumbusha. Akaruka mkoba, akazunguka pipa, akamwona mtu wa kimya kabisa, amelala chali karibu na ukuta, uso umepakwa vumbi.

Alikuwa mama yake.

Alikuwa amevaa gauni lake kuukuu la nyumbani, viatu pembeni, macho yamefumbwa. Shingoni, juu ya kadi, futi lake la kupimia lilikuwa limening'inia.

Pole alipiga goti. Alisoma kadi. Ilikuwa na maneno machache: *Hapumui. Hata akiinuliwa kidevu, hapumui.*

Mikono ilijua kazi yake kabla yake. Vidole viwili vilikwenda chini ya kidevu kile alichokifahamu kuliko chake mwenyewe, kidevu chenye kile kishimo kidogo, vikakiinua, taratibu. Akainamisha sikio mdomoni mwa mama yake na kungoja. Hakusikia kitu. Mama alikuwa ameibana pumzi, na aliibana kweli, maana mwanamke yule hakuwahi kufanya kitu nusunusu. Pumua, Pole aliomba moyoni, ingawa alijua ni zoezi, ingawa alijua akigeuka tu mama atapumua. Mama, pumua.

Kifua hakikuinuka.

Akatoa utepe mweusi. Hapo ndipo ule mkono usioonekana ulipomshika sketi, na ulimshika kwa nguvu kuliko siku zote. Angebaki. Nani angemlaumu? Hata mkufunzi ni binti wa mtu. Angebaki akamshika mama yake mkono, akarudia mwaka, na nyumbani angepokelewa kama shujaa. Wa njano wangengoja. Wekundu wangekufa kwa kadi.

Kisha upande wa pili wa pipa akamwona mzee mmoja ameketi, ameegemea ukuta. Hakulia. Hakuita. Alikuwa anatazama mbele tu, na kifua chake kilipanda na kushuka haraka haraka, kama mtu aliyepanda ngazi nyingi.

Pole alifunga utepe mweusi kwenye kifundo cha mkono wa mama yake. Fundo lilikataa mara ya kwanza. La pili likakubali. "Pole, mama," alisema, mara moja. Akanyanyuka, akaenda.

Mzee yule alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, na aliigiza vizuri kuliko wote kwa kuwa hakuigiza. Alikuwa ameisoma kadi yake na kuitii. Pumzi za haraka mno, mkono wa baridi, kaulizwa jina akajibu jina la mtu mwingine. Mwekundu. Pole alipaza sauti kuita machela, na sauti ilitoka kavu, imara, hata yeye akaishangaa. Wabebaji wakaja mbio. Akaendelea kwa mwingine, na mwingine, machozi yanamtiririka na yeye hayafuti kwa sababu mikono ina kazi, mpaka filimbi ya mwisho ilipolia.

Uwanja mzima ukafufuka. Waliovunjika miguu walisimama wakajinyoosha. Kinyozi alikuwa anamweleza kila mtu kwamba ameonewa. Mwalimu wa hesabu alijipangusa vumbi na kuomba maji ya kunywa. Watu walicheka, wakatafuta viatu vyao, wakavua kadi.

Mama hakuinuka.

Pole aliona kutoka mbali. Alikimbia, akapiga magoti, akapeleka vidole palepale. "Mama!"

"Niache kidogo," mama alisema, macho bado yamefumbwa. "Nisikie tena."

"Nini, mama?"

"Hivyo vidole. Viweke kama ulivyoviweka."

Pole aliviweka. Kutoka kwenye kona ya jicho la mama, chozi lilishuka kupitia vumbi mpaka sikioni, likaacha njia nyembamba.

"Viwili," mama alisema. "Na yeye aliweka viwili. Hapa hapa. Nilikuwa nimesimama juu yao, nikaona mkono tu. Miaka yote hii nimeona mkono tu." Akafumbua macho. "Ulipoinua, koo langu lilifunguka lenyewe. Nilikuwa nimebana pumzi na bado hewa ilitaka kuingia. Mwanangu, yule nesi hakuwa anamkagua baba yako."

"Hapana, mama."

"Alikuwa anamwomba apumue."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua?"

Pole aliinamisha kichwa. "Tangu tulipofundishwa. Niliogopa kukwambia."

Mama aliketi, polepole, akautazama utepe mweusi mkononi mwake. Pole alisubiri maneno makali, na alikuwa tayari kuyapokea. Lakini mama alimvuta tu, akamlaza kichwa begani kama zamani, na wakalia wote wawili pale chini kati ya mabegi yaliyotapakaa, wala hawakujali nani anawatazama.

"Nilikuja kumsema mkufunzi wako," mama alisema baadaye, akijifuta kwa ncha ya gauni. "Nilijiandaa. Nikamwambia, nipe kadi ya yule anayepitwa. Nilitaka nikuone ukikataa, halafu ninyanyuke niwaaibishe wote." Akacheka kidogo, kicheko chenye kikohozi. "Nikalala pale, nikakusikia unakuja. Nikakusikia unasema pole. Sauti yako ilikatika katikati. Halafu nikasikia viatu vyako vinakwenda. Nikajiuliza, na yule naye alikwenda hivi? Alikuwa analia hivi, na mimi namvuta sketi?"

Mama aliutazama tena utepe mkononi mwake.

"Naye alikuwa binti wa mtu," alisema. "Na nimemlaani mpaka nimechoka."

Mkufunzi alikuwa amesimama karibu, mikono nyuma, anajitia hamnazo kama anayehesabu viti. Sasa akakohoa. "Mama, maiti haitakiwi kulia. Imetajwa kabisa kwenye maelekezo."

"Nisamehe, mwalimu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufa."

Mkufunzi akatabasamu, jambo lililokuwa nadra kama mvua ya kiangazi, kisha akamgeukia Pole. "Umewafikia wote waliokuwa upande wako. Mmoja umemfunga njano, alistahili nyekundu. Tutalizungumza Jumatatu, usidhani nimesahau. Lakini sare yako ya hospitali kaichukue stoo." Akaondoka upesi, huenda macho yake nayo yalikuwa na vumbi.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama na binti, rangi nyekundu imewakauka nguoni, na watu njiani wakiwapisha kwa hofu. Walipofika karibu na kibanda, mama alisimama.

"Yule wa pembeni," alisema.

"Nani, mama?"

"Siku ile. Nesi alipomwacha baba yako, alikwenda kwa mtoto wa kike aliyelazwa pembeni yake. Amepasuka hapa." Mama alijigusa juu ya nyusi ya kulia. "Alimwinua kidevu, na mtoto akakohoa. Nilimsikia akikohoa, na nilimchukia kwa kile kikohozi. Mtoto mdogo! Amekua mbele ya macho yangu. Nikimwona sokoni, nachukua njia nyingine. Hajui mimi ni nani. Anajua tu kwamba mimi ni fundi mzuri."

Pole aliona kitambaa cheupe kimekumbatiwa kifuani, na kovu, na kibanda kisicho na kazi hata moja. Yote yakakaa mahali pake.

"Namba yake ninayo," alisema taratibu. "Tulisoma shule moja."

Mama alifungua kufuli, akaingia, akavuta kifuniko cha cherehani na kukikung'uta. Kisha akafungua utepe mweusi mkononi mwake, akaukunja vizuri, akauweka kwenye droo ya vifungo.

"Basi mpigie," alisema. "Mwambie fundi amepata nafasi."

Msichana alikuja jioni ileile, anahema kwa kukimbia, akiogopa fundi asije akabadili nia. Mama alimsimamisha katikati ya kibanda na kumpima mabega, kiuno, urefu wa mkono, akimtajia Pole namba ili aziandike. Mwisho akazungusha futi shingoni. Vidole viwili vikapenya chini ya futi, vikatulia pale, chini ya kidevu cha msichana, muda mrefu kidogo kuliko ulivyohitajika.

"Fundi, kuna tatizo?" msichana aliuliza.

"Hakuna," mama alisema. "Pumua tu, mwanangu. Nataka nione unapumua vizuri."